Mwanamume Pekee wa Alhamisi

Nchi yetu ina jina, lakini sheria ya mwaka juzi inakataza kulitaja bila kusimama wima, na mimi naandika nikiwa nimekaa. Msomaji anisamehe. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani yenye majimbo tisa, kila jimbo lina Baraza lake la kutunga sheria, na la kwetu ndilo lenye ukumbi mzuri kuliko yote. Mbele ya ukumbi kuna bustani, na katikati ya bustani kuna samaki mkubwa wa saruji anayetema maji kutwa kucha. Wageni hupenda kupiga picha pale.

Mimi ni karani wa kumbukumbu rasmi. Kazi yangu ni kuandika kila linalosemwa na waheshimiwa, kisha kuliandika upya jinsi wanavyotaka liwe limesemwa. Nimeifanya kwa miaka kumi na minne na sijawahi kulalamikiwa. Kwa hiyo haya ninayoeleza ni kweli tupu, na ninayaeleza kwa sababu huko mitaani watu wasiojua taratibu wamekuwa wakicheka.

Baraza lina wajumbe thelathini. Ishirini na tisa ni wanaume. Wa thelathini ni Mama Sikudhani Mpalule, mkunga mstaafu, ambaye miaka minane iliyopita watu wa kata ya Kibaoni Juu walimpigia kura kwa wingi bila kututaarifu mapema. Baraza lilishtuka, lakini halikukosa adabu. Wiki ileile lilitunga Sura ya Kumi na Mbili ya Kanuni, iitwayo Stahiki za Mheshimiwa Mwanamke, ili mama wa watu asije akachoka.

Kwa mujibu wa sura hiyo, Mheshimiwa Mwanamke atazungumza dakika mbili tu, ili sauti yake isikauke. Ataingia ukumbini akiwa na barua ya mkuu wa kaya yake inayothibitisha kwamba nyumbani hakuna kilichoharibika. Hatapiga kura katika mambo mazito, yaani ardhi, barabara, maji na bajeti. Katika mambo mepesi, kama vile rambirambi na rangi ya mapazia, atapiga kura kwa uhuru kamili. Na mjumbe yeyote mwanamume akimwomba atabasamu, atatabasamu kabla ya kuendelea. Niliiandika mimi sura hiyo kwa mkono wangu, na kwa kweli niliona ni ya kiungwana.

Mama Sikudhani alikuwa na hoja moja. Zahanati ya Kibaoni Juu, alikozalishia watu kwa miaka kumi na tisa, haina maji. Mama akishikwa na uchungu huenda na madumu yake mawili, na akisahau, hurudishwa akayachukue. Wakati huohuo bomba kubwa linapita nyuma ya ukuta wa wodi, hatua saba tu, kuelekea kwa samaki wetu wa saruji. Mama Sikudhani alitaka bomba lile litobolewe na wodi iunganishiwe maji. Ni hivyo tu. Ilipokubaliwa hatimaye kuorodheshwa, hoja iliwekwa mwisho wa Orodha ya Shughuli kila Alhamisi, na kila Alhamisi ilipofikiwa waheshimiwa walikuwa wamekwisha kuvaa makoti. Iliahirishwa mara kumi na moja.

Mara ya kumi na moja alisimama na barua yake mkononi akasema, "Mheshimiwa Spika, mwezi uliopita mtoto aliogeshwa kwa soda ya machungwa. Ndiyo iliyopatikana dukani."

Mheshimiwa Magoloka, mjumbe wetu mwenye sauti kubwa na shingo ya kutosha, akainuka. "Taarifa, Mheshimiwa Spika. Mtoa hoja amenuna. Namwomba atabasamu."

Mama Sikudhani akatabasamu. Nikaandika kwenye kumbukumbu: alitabasamu. Alipomaliza kutabasamu, dakika zake mbili zilikuwa zimekwisha.

*

Kisha ukaja Waraka kutoka Makao Makuu. Ulisema kwamba Baraza lolote la Jimbo ambalo theluthi yake haitakuwa wanawake baada ya siku tisini litavunjwa, na uchaguzi utafanyika upya.

Sijapata kuona waheshimiwa wakihuzunika vile. Wengine walikuwa na nyumba ambazo hazijaezekwa. Mheshimiwa Ngongolwa, ambaye ni mpole, alipendekeza kwamba wajumbe tisa wajiuzulu ili wanawake tisa wachaguliwe mahali pao. Ukumbi ulimtazama mpaka akakaa. Kesho yake aliomba radhi kwa maandishi akieleza kuwa alikuwa na homa.

Aliyetuokoa ni Spika mwenyewe, Daktari Lubasha Mtunguja. Udaktari wake ni wa heshima, alitunukiwa na chuo kimoja ambacho baadaye kilihama bila kuacha anwani. Alisimama, akapangusa miwani, akanena:

"Waheshimiwa, nimeusoma Waraka mara nne. Unataka theluthi ya Baraza iwe wanawake. Hausemi theluthi hiyo ikatwe wapi. Mbona tunahangaika kutafuta watu wapya huko nje, watu wasiojua hata choo cha Baraza kiko upande gani? Kila mmoja wetu hapa amezaliwa na mwanamke. Analishwa na mwanamke. Hata soksi alizovaa, mwanamke ndiye aliyemtafutia. Mimi nasema, na historia iniandike, kwamba kila mmoja wetu tayari ni theluthi."

Walipiga meza mpaka glasi zikaanguka. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, na ukurasa ule wa kumbukumbu una doa mpaka leo.

Utekelezaji ulikuwa rahisi. Baraza hukutana siku tatu kwa wiki: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Kila mjumbe angekuwa mwanaume siku mbili na mwanamke siku moja, kwa cheti chenye picha na mhuri. Siku ya uanamke ikapangwa iwe Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi huwa hakuna kazi ya maana. Thelathini mara theluthi ni kumi, na kumi ni theluthi ya thelathini. Hesabu ilikaa sawa.

Hapo ndipo Wakili Fumbuka, mshauri wetu wa sheria, mtu mwembamba asiyepitwa na kitu, aliponyoosha kidole. Alisema hesabu haijakaa. Mama Sikudhani alikuwa mwanamke siku zote tatu. Jimbo lilikuwa limezidisha uanamke kwa theluthi mbili nzima, na ziada ni kosa kama upungufu.

"Apunguzwe," akasema Mheshimiwa Magoloka.

Kwa hiyo naye akaandikiwa cheti. Angekuwa mwanamke siku moja na mwanaume siku mbili, kama wenzake. Wakili Fumbuka akanyoosha kidole tena. Kanuni haziruhusu kikao kufanyika bila mwanamume mwenye kura ukumbini, na Spika hana kura. Ikiwa wote watakuwa wanawake Alhamisi, nani atabaki kushika nyumba? Wakakubaliana kwamba siku ya uanamke ya Mama Sikudhani iwe Jumanne, na Alhamisi awe mwanaume, kwa muda tu, kama mlinzi.

Nilimpelekea cheti chake mwenyewe. Alikisoma pande zote mbili.

"Mwanangu," akaniambia, "hii Alhamisi nitakuwa mwanaume kwa kila kitu au kwa jina tu?"

"Kwa kila kitu, mama. Kuna mhuri."

Akakikunja vizuri akakitia kwenye mkoba wake.

*

Alhamisi ya kwanza ilianza vibaya pale getini. Askari wa Baraza, koplo mmoja mnyoofu aliyepewa Kanuni azikariri, alimzuia Mheshimiwa Magoloka.

"Barua ya mkuu wa kaya, Mheshimiwa."

"Mkuu wa kaya ni mimi."

"Leo ni Alhamisi, Mheshimiwa. Cheti chako kinasema wewe ni mwanamke. Nyumbani kwako mkuu wa kaya leo ni nani?"

Mheshimiwa Magoloka akasimama pale juani, akifikiri. Nyuma yake foleni ya waheshimiwa ilikuwa inarefuka hadi kwa samaki. Mwishowe akampigia simu mkewe. Tulisikia sauti yake ikianza juu na kushuka taratibu. Mkewe aliuliza anakwenda kufanya nini huko, atarudi saa ngapi, na nani atakuwepo. Barua ililetwa na bodaboda, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari: Aruhusiwe, lakini asichelewe, kuna wageni. Wenzake wote nao wakapiga simu. Waliopata barua kabla ya saa nne walikuwa kumi na saba. Wengine walichungulia madirishani, na mmoja wao aliambiwa na mkewe kwamba ombi lake litajadiliwa Jumapili.

Mama Sikudhani aliingia bila kuulizwa kitu. Koplo alimpigia saluti. Nilimwona akisita kidogo mlangoni, mkono ukiwa tayari umeingia kwenye mkoba kutafuta barua.

Mambo mepesi yalikwisha upesi. Rambirambi zikapita. Kisha Spika akafika mwisho wa Orodha ya Shughuli, akasoma kwa mazoea, "Hoja ya maji katika wodi ya wazazi, Kibaoni Juu," na kama kawaida waheshimiwa wakaanza kuvaa makoti.

"Mheshimiwa Spika," akasema Mama Sikudhani, "naomba kutoa hoja yangu."

"Dakika mbili," akasema Spika.

"Hizo ni za wanawake, Mheshimiwa Spika. Mimi leo sina kikomo."

Spika akamtazama Wakili Fumbuka. Wakili akatikisa kichwa kukubali, kwa masikitiko.

Alizungumza saa moja na dakika ishirini. Kwa miaka minane nilikuwa nimeandika maneno yake vipande vipande, na sikujua kwamba vipande vile vilikuwa vya kitu kimoja. Alitaja akina mama kwa majina. Alitaja usiku aliochemsha maji ya mvua ya kwenye mtaro kwa sababu dumu lilivuja njiani. Alitaja mama mmoja, Tausi wa Kibaoni Juu, aliyerudishwa kufuata madumu akiwa na uchungu na hakufika tena zahanati, yeye wala mtoto. Aliposema hivyo hakupandisha sauti. Kalamu yangu ilisimama, na nakiri kwamba pale nilikosa sentensi mbili, kosa langu la kwanza katika miaka kumi na minne.

Mheshimiwa Magoloka akainuka. "Mheshimiwa Spika, pamoja na huruma zote, yule samaki ndiye sura ya jimbo letu. Presha ya maji ikipungua atakuwa anadondosha tu. Wageni watatuonaje? Ningependa kufafanua kwa kirefu..."

"Taarifa, Mheshimiwa Spika," akasema Mama Sikudhani. "Mzungumzaji amekunja uso. Namwomba atabasamu kwanza."

Kanuni ni Kanuni. Mheshimiwa Magoloka alijaribu. Midomo ilikubali mapema, mashavu yakachelewa. Nikaandika: alitabasamu. Alipofungua kinywa kuendelea, kengele ya dakika mbili ikalia.

Wakainuka wengine kumi na sita, mmoja baada ya mwingine, na karibu kila mmoja akaombwa jambo lilelile. Mheshimiwa Ngongolwa peke yake alitabasamu bila kuombwa.

"Ninawahoji," akasema Spika kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi gizani. "Maji ni jambo zito, kwa hiyo watapiga kura wanaume pekee. Wanaume wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," akasema Mama Sikudhani.

"Wanaume wasioafiki waseme siyo."

Waheshimiwa kumi na saba walikaa wakitazamana. Mmoja alinyanyua mkono akaushusha.

"Walioafiki wameshinda," akasema Spika.

*

Jumanne iliyofuata wajumbe walirudi wakiwa wanaume, tena wanaume kwelikweli. Wengine walikuwa hawajalala vizuri tangu Alhamisi. Mheshimiwa Magoloka alitaka uamuzi ufutwe kabla ya chai.

Wakili Fumbuka alifungua kitabu. "Kanuni ya Arobaini, ambayo waheshimiwa mliitunga wenyewe ili viwanja mlivyogawana visiguswe, inasema uamuzi uliopitishwa na wanaume wote wenye kura waliomo ukumbini hautafutwa kwa miaka mitano. Alhamisi mwanamume mwenye kura alikuwa mmoja. Alipitisha. Ndio wote hao."

"Yule si mwanaume," akasema Mheshimiwa Magoloka.

"Ana cheti."

"Cheti ni karatasi."

"Sawa," akasema Wakili. "Kama cheti chake ni karatasi, na chako ni karatasi. Kama yeye Alhamisi hakuwa mwanaume, wewe hukuwa mwanamke, na Baraza hili halina theluthi. Siku tisini zilikwisha jana. Tutoke nje tukatangaze uchaguzi."

Hakuna aliyetoka nje. Feni ilizunguka juu yetu. Nilimwona Mheshimiwa mmoja akihesabu kwa vidole, nadhani mabati.

Spika akasimama, naye ni mtu anayejua kusimama. "Waheshimiwa," akasema, "kiongozi ni yule anayeweza kumeza. Naomba Baraza hili lithibitishe kwa kauli moja kwamba Alhamisi iliyopita Mheshimiwa Sikudhani Mpalule alikuwa mwanaume kamili asiye na doa, na kwamba sisi sote tulikuwa wanawake wema."

Wakathibitisha kwa kauli moja. Nilisikia mtu akilia mstari wa nyuma.

Kwa kuwa ilikuwa Jumanne, Mama Sikudhani alikuwa mwanamke. Spika akamwuliza kama angependa kutumia dakika zake mbili. Alitumia sekunde nne.

"Fundi bomba anaanza Ijumaa," akasema.

Kabla ya kuahirisha kikao, Baraza liliunda Kamati ya Kuchunguza Manyanyaso Wanayopata Wanawake Ukumbini. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini, na wajumbe wake wote walikuwa wanaume. Ilisikiliza ushahidi wa Mheshimiwa Magoloka kwa siku tatu. Alieleza jinsi inavyouma kukatizwa, kusimamishwa getini, kuambiwa utabasamu wakati una jambo la maana la kusema. Kamati ilimpa leso. Ilipendekeza kwamba waathirika wote ishirini na tisa wapewe likizo. Mama Sikudhani hakuitwa kutoa ushahidi, kwa maelezo kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi yeye ndiye aliyekuwa akinyanyasa.

*

Sherehe ya kufungua maji ilifana. Wodi ilifungwa utepe mlango mzima. Palikuwa na turubai, viti vya plastiki, ngoma tatu na kipaza sauti. Makao Makuu yalituma pongezi, yakaeleza kwamba yamevutiwa sana na hesabu ya jimbo letu, na kwamba sasa itatumika nchi nzima, kuanzia na fomu za vizazi.

Spika alihutubia. Alieleza jinsi alivyopigania maji haya tangu ujana wake. Mheshimiwa Magoloka alieleza jinsi yeye, akiwa mwanamke, alivyouelewa uchungu wa akina mama kutoka ndani. Watu walipiga makofi pale walipoonyeshwa. Nilipotazama orodha ya wahudhuriaji nikaona hakuna jina la Mama Sikudhani, wala kiti chake, na nikatumwa nimtafute ili kumbukumbu ziwe kamili.

Nilimkuta ndani ya wodi. Muuguzi wa zamu alikuwa amechukuliwa kwenda kushika mkasi wa utepe, na mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu katikati ya hotuba ya pili. Aliingizwa kupitia dirishani, kwa kuwa utepe ulikuwa bado haujakatwa. Mama Sikudhani alikuwa amevua viatu na kukunja mikono ya gauni. Mtoto alikuwa amekwisha kutoka. Alikuwa analia kwa nguvu kiasi kwamba huko nje fundi wa kipaza sauti aliongeza sauti ya Spika.

Maji yalikuwa yanatoka bombani. Alimwogesha mtoto taratibu, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Mimi nilisimama kando ya dirisha nililoingilia, na daftari langu na niliona haya, kwa sababu nilikumbuka nilivyoandika kwa mwandiko mzuri mara kumi na moja neno imeahirishwa.

Karani wa vizazi naye alikuwapo na fomu zake mpya. Alikuwa na haraka ya kurudi kwenye pilau.

"Kiasi cha uanamke," akasoma. "Hapa kuna theluthi moja na theluthi mbili. Nijaze ipi, mama?"

Mama Sikudhani alimfunika mtoto kanga, akamlaza kifuani pa mama yake.

"Andika msichana," akasema. "Mzima."

"Fomu haina nafasi hiyo, mama. Wataalamu hawakuona kama kuna mtu atahitaji zaidi ya theluthi mbili."

Nje walikuwa wanahesabu tatu, mbili, moja, tayari kukata utepe. Mama Sikudhani alifuta mikono, akamnyang'anya kalamu, akapiga mstari juu ya maandishi yote ya Makao Makuu na kuandika pembeni mwenyewe, kwa herufi kubwa. Kisha akaniuliza nimesimama hapo nangoja nini, nisogee nimshikie mtoto ili mama yake anywe maji.